Menya Muhogo, Osha Nyanya, Uliza Shambani

Muuza machungwa wa Dar es Salaam ana umenyaji wake. Kisu kidogo chenye makali kinapita juu juu kuzunguka tunda, kinaondoa ile ngozi ya nje yenye mafuta yanayowasha midomo, na ganda linashuka kwa mkanda mmoja mrefu usiokatika. Chungwa linabaki jeupe, limefunikwa na utando laini ambao kwingine hutupwa pamoja na ganda. Juu anakata kifuniko, mteja ananyonya maji yote, kisha analipasua na kula nyama iliyobaki. Mengi ya machungwa hayo yanatoka Muheza, mkoani Tanga, na hubaki ya kijani hata yakiiva, kwa sababu usiku wa pwani hauna baridi ya kutosha kuligeuza ganda rangi.

Umenyaji huo una akili ndani yake. Utando ule mweupe una pektini, aina ya nyuzinyuzi laini zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na anayelipasua chungwa na kulila anapata sehemu yake. Lakini upo upande wa pili. Chungwa lililomenywa asubuhi limepangwa kwenye toroli kando ya barabara, halina tena kinga yake, linapokea vumbi la daladala na vidole vya kila anayelibonyeza kabla ya kuchagua. Kisu kimekuwa kikifutwa kwa kitambaa kimoja siku nzima. Ganda lililoondolewa lilikuwa na uchafu wake, ndiyo, ila tunda lililobaki sasa liko wazi. Anayeuliza kama matunda na mboga vimenywe kabla ya kuliwa anauliza mambo hayo mawili kwa pamoja: ganda lilikuwa limebeba nini, na likishaondoka kinaingia nini.

Majumbani swali hili lina wafuasi wa pande zote. Wapo wanaoapa kwamba vitamini zote ziko kwenye ganda, na kwamba anayemenya tango anatupa chakula. Wapo wanaomenya kila kitu, hata nyanya, kwa kuogopa dawa za shambani. Nimesikia pande zote mbili zikitetewa kwa nguvu ileile jikoni na hata msibani kwenye sufuria za kachumbari, na kila upande umeshika kipande cha ukweli. Ukweli wenyewe unabadilika kutoka zao moja hadi jingine, na ndiyo maana kanuni moja ya kumenya vyote au kutomenya chochote inaweza kumdhuru mtu.

Tuanze na hao wanaolitetea ganda. Tufaha, lile tunaloliita epo sokoni, likiliwa na ganda lina takriban gramu 2.4 za nyuzinyuzi katika kila gramu 100. Ukilimenya zinashuka hadi 1.3 hivi. Ganda lile jembamba, ambalo ukilipima kwenye mizani halina uzito wowote wa maana, limeondoka na karibu nusu. Vitamini K inapungua zaidi ya mara tatu, na kwesetini, kemikali ya mimea ambayo watafiti wanaihusisha na afya ya moyo na mishipa, karibu yote inakaa kwenye ganda. Tango nalo likimenywa linapoteza zaidi ya nusu ya vitamini K yake. Nyanya ina laikopini, ile rangi nyekundu, kwa wingi zaidi katika ngozi kuliko katika maji yake, na rangi hiyo mwili huipokea vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta kidogo kuliko ikiliwa mbichi. Rangi ya zambarau ya bilinganya iko kwenye ngozi peke yake.

Nyuzinyuzi zinastahili kuzungumziwa zaidi, kwa sababu historia ya somo hilo ilipita kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi katikati ya miaka ya 1960. Jina lake linafahamika zaidi kwa ile saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Lakini akiwa katika hospitali ya Mulago aliona jambo jingine lililomsumbua: magonjwa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, kuanzia choo kigumu na bawasiri hadi kidole tumbo, yalikuwa nadra kwa watu wa vijijini aliowatibu. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, ambaye naye alitumika miaka mingi Kenya na Uganda, walifikia hoja kwamba tofauti ilikuwa kwenye sahani. Chakula cha Mwingereza kilikuwa kimekobolewa na kusafishwa hadi kikapoteza nyuzi zake. Wazo hilo, lililozunguka dunia katika miaka ya 1970, lilitokana na kuwatazama watu wa Afrika Mashariki wakila.

Hapo pana jambo ambalo watetezi wa ganda hulisahau. Watu wale aliowaona Burkitt walikuwa wanamenya. Hakuna mtu anayekula matoke na maganda yake. Ndizi zilimenywa vizuri, zikafungwa kwenye majani na kupikwa kwa mvuke. Nyuzinyuzi zao zilitoka kwenye maharage, viazi vitamu, mboga za majani, matunda, na kwa ujumla kutokana na wingi wa mimea katika mlo wa kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi. Anayekula sembe nyeupe mchana na chipsi usiku hatafika huko kwa kula ganda la tango. Aliyehamia dona na kuongeza maharage amekaribia zaidi, hata kama tango lake limemenywa. Mzazi asigombane na mtoto kwa ajili ya ngozi ya tufaha wakati mboga yenyewe mezani ni kijiko kimoja.

Kwamba vitamini zote ziko kwenye ganda si kweli. Kiazi mviringo kinahifadhi sehemu kubwa ya vitamini C na potasiamu yake ndani ya nyama, kwa sababu nyama ndiyo nyingi. Kinachoziondoa ni maji. Ukikimenya, ukakikatakata na kukichemsha kwenye maji mengi utakayomwaga, umemwaga lishe. Ukikichemsha na ganda kisha ukamenya kikiwa cha moto, ganda limefanya kazi yake ya kuzuia na halijaingia mdomoni. Viazi vitamu tumevipika hivyo miaka yote. Wasukuma wana njia zote mbili za kuvihifadhi: michembe inatokana na viazi vilivyomenywa vikiwa vibichi, vikakatwa na kuanikwa, na matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Anayeugua figo na kuambiwa apunguze potasiamu hufanya kinyume kabisa kwa ushauri wa mtaalamu wake: anamenya, anakata vipande vidogo, anachemsha kwenye maji mengi na kuyamwaga. Karoti haina haja ya mjadala. Kuikwangua au kuisugua vizuri kunatosha, maana rangi yake ya vitamini A imeenea ndani yote.

Sasa muhogo, na hapa sina nafasi ya kuwa mpole. Muhogo umenywe. Mzizi huu ukiwa mzima umetunza ndani yake linamarini, na mahali pengine katika seli zilezile umetunza kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Ukikatwa, ukitafunwa au ukitwangwa, viwili hivyo vinakutana na kutoa sianidi. Kwa mmea hiyo ni silaha dhidi ya wanyama waharibifu, na silaha hiyo imerundikwa zaidi kwenye ganda. Katika muhogo mtamu, ule tunaoutafuna mbichi kwa pilipili na chumvi au unaokaangwa jioni pale Coco Beach, ganda lina sumu nyingi kuliko nyama, na nyama inapaswa kuwa na chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya muhogo mbichi. Ukitoa ganda lote, lile la kahawia la nje pamoja na lile nene la chini yake, kisha ukachemsha au kukaanga, umeondoa sehemu kubwa ya hatari.

Muhogo mchungu una hesabu nyingine. Nyama yake yenyewe imejaa sumu, kwa hiyo kisu hakitoshi, na kuchemsha hakutoshi pia, kwa sababu moto mkali unakiua kimeng'enya na kuiacha linamarini nzima ndani ya chakula. Wazee walilijua hili bila maabara. Ndiyo maana muhogo mchungu huvundikwa, hulowekwa siku kadhaa, hutwangwa, huanikwa juani mpaka ukauke: hatua zote hizo zinaipa sumu muda wa kuvunjika na kupotea hewani. Anayetengeneza makopa au udaga anafanya kazi ya kutoa sumu, na kila siku anayoipunguza kwa haraka inabaki ndani ya unga.

Haraka hiyo imewalemaza watu. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, zaidi ya watu 1,000 waliamka miguu imekakamaa, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985 ukame ulipoipiga Tarime, mkoani Mara, ugonjwa uleule ulitokea huko. Chakula kilikuwa kimekwisha, muhogo ndio uliobaki, na familia zenye njaa hazikuweza kusubiri siku zote za kuuandaa. Unaitwa konzo, jina lililotoka Kwango, huko Kongo, ambako ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938. Hauna tiba. Miguu iliyopooza haiponi hata mtu akila vizuri baadaye. Unawakuta zaidi wale wasio na maharage, samaki wala nyama kwenye mlo wao, kwa sababu mwili unahitaji salfa itokanayo na protini ili kuishinda sianidi.

Na si habari za zamani. Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa unga wa muhogo wenye sianidi. Dalili za mwanzo zilionekana kwa waombolezaji waliokula pamoja kwenye msiba. Kiwango cha kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo. Mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, alibuni njia rahisi ambayo imetumika Kongo: unga unalowanishwa kwa maji, unatandazwa safu nyembamba juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, na sianidi inaondoka kabla ya kusonga ugali. Haigharimu chochote. Ningetamani kila duka linalouza unga wa muhogo libandike maelezo hayo ukutani.

Embe nalo limenywe, kwa sababu nyepesi zaidi. Liko katika ukoo mmoja na korosho, na ganda lake, hasa karibu na kikonyo, lina utomvu wa jamii ya ule unaobabua mikono ya wabanguaji wa Mtwara na Lindi. Mtoto anayeng'ata embe dodo kwa meno na kupata vidonda kuzunguka midomo amekutana na utomvu huo. Ngozi za watu zinatofautiana, wengine hawapati chochote. Ukiligeuza achari, baada ya chumvi na jua, ganda la embe changa ni tamu.

Kiazi mviringo kikiwa cha kijani ni jambo la kuangalia kwa makini. Rangi ya kijani yenyewe haina ubaya, ni ileile ya majani, lakini inaonyesha kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huohuo unakifanya kitengeneze solanini na chakonini. Sumu hizi zimekusanyika chini kidogo tu ya ganda na kwenye vichipukizi, na haziondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 1979 madaktari wa Uingereza walichapisha kisa cha wanafunzi 78 wa shule moja ya London walioharisha, kutapika na wengine kuweweseka baada ya kula viazi vilivyokaa vibaya ghalani. Kwetu viazi vya Njombe na Mbeya vinafika mjini kwenye magunia ya lumbesa, vile vya juu vikiwa nje ya gunia, vinapigwa na jua siku nzima barabarani na sokoni. Kiazi chenye doa dogo la kijani kimenywe kwa kina mpaka kibaki cheupe. Kilichojaa ukijani, au kinachoacha uchungu mdomoni, kitupwe, hata kama bei imepanda.

Hadi hapo nimezungumzia sumu ambazo mmea umejitengenezea. Hofu kubwa ya wanaomenya nyanya ni nyingine: ule ungaunga mweupe wanaouona kwenye ngozi wakifungua fungu walilonunua gengeni. Hofu hiyo ina msingi, na nisingependa mtu yeyote aicheke.

Dawa za mimea ziko za namna mbili, na tofauti yake ndiyo inayoamua kama kumenya kunasaidia. Zipo zinazokaa juu ya tunda, kama mankozebu na klorothaloni, zinazotumika dhidi ya ukungu. Hizo ndizo zinazoacha ungaunga, na kwa hizo maji na kusugua vinapunguza sana. Zipo zinazopenya ndani ya mmea na kusafiri na maji yake, kama imidaklopridi na metalaksili. Zikishaingia, zimeingia. Unaweza kumenya nyanya mpaka ikabaki mbegu na bado unazila.

Watafiti wa kituo cha kilimo cha Connecticut, Marekani, walipima dawa 12 kwenye mazao na kukuta kwamba maji ya bomba peke yake yalipunguza mabaki ya 9 kati yake. Kilichosaidia kilikuwa msuguano wa maji yanayotiririka. Wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, mwaka 2017, waliloweka matufaha kwenye maji yenye soda ya bikaboneti, kiasi cha gramu 10 kwa lita. Dawa mbili walizokuwa wamezipaka juu ya ngozi ziliondoka baada ya dakika 12 hadi 15. Lakini walipochunguza ndani, karibu asilimia 20 ya dawa moja ilikuwa imekwisha kupenya chini ya ngozi, mahali ambapo kuosha hakufiki. Sabuni ya unga, ambayo wapo wanaoitumia kwa kuamini inasafisha zaidi, haifai kabisa. Ngozi ya matunda ina matundu madogo yanayoifyonza, nayo sabuni haikutengenezwa iliwe.

Kuhusu mankozebu kuna jambo ambalo kila mpishi anapaswa kulijua. Ikipata joto, sehemu yake inageuka kuwa kemikali iitwayo ETU, inayodhuru tezi ya shingo. Kwa hiyo nyanya inayoingia kwenye mchuzi inahitaji kuoshwa kwa makini kama ile ya kachumbari. Kusema kwamba moto utaua kila kitu ni sawa kwa vijidudu. Kwa dawa hii moto unaongeza tatizo.

Na vijidudu je? Hapa ndipo watu wanaomenya wanapojiamini kupita kiasi. Mwaka 2011 matikiti ya aina ya kantalupu yaliyotoka shamba moja la Colorado, Marekani, yalieneza bakteria wa listeria. Watu 147 waliugua na 33 wakafa. Ganda la tikiti lile haliliwi. Bakteria walikuwa juu ya ganda, kisu kikapita juu yake, na kila kipande kikaondoka nao. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilitoa matokeo ya upimaji wa maparachichi madukani na kukuta listeria kwenye ganda la zaidi ya asilimia 17 ya sampuli, na kwa nadra sana ndani ya nyama yake. Kilichobaki ni kisu kuwahamisha. Kwa hiyo tikiti maji, nanasi, papai na parachichi vioshwe kabla ya kukatwa, hata kama ganda linakwenda kwa mbuzi. Muuza vipande vya tikiti ambaye hajaliosha tikiti lake amefanya hatari ileile ifike kwa wateja wote wa siku hiyo, na ndiyo maana kila kipindupindu kinapoingia mjini halmashauri hukimbilia kuzuia matunda yaliyokatwa barabarani.

Kuosha kunataka maji, na ushauri mwingi unaandikwa na watu wenye bomba ndani ya jiko. Kwa anayenunua maji kwa dumu, kuloweka kila kitu kwenye beseni moja kunaonekana ni kubana matumizi, lakini beseni linachukua uchafu wa nyanya moja na kuugawa kwa nyingine zote. Kumimina kwa kata juu ya mkono unaosugua kunatumia maji machache na kunasafisha vizuri zaidi. Yale yaliyomwagika yakingwe kwenye ndoo yamwagilie bustani au yasafishe choo. Vinavyokwenda kwenye kachumbari au kuliwa vibichi vimalizwe na maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini. Kisu na ubao viwe vimeoshwa, na mikono pia.

Halafu iko mboga ambayo haina ganda. Mchicha, matembele, majani ya maboga na chainizi huwezi kuyamenya. Katika bonde la Msimbazi, mchicha umelimwa kwa miaka mingi kandokando ya mto unaopokea maji machafu ya viwanda na majumba, na uchunguzi uliofanywa na wataalamu mbalimbali umekuta madini mazito kama risasi kwenye mboga hizo. Risasi iliyonyonywa na mizizi iko ndani ya jani. Mama anayenunua fungu la mchicha kwa ajili ya watoto wake hana kisu wala maji ya kuitoa. Anaweza kufanya jambo moja tu, kuuliza limelimwa wapi, na muuza genge mara nyingi hajui.

Hapo ndipo ninapoliona swali la ganda likihama jikoni. Chukua nyanya. Mwaka 2014 nondo mdogo aliyetoka Amerika ya Kusini, akapitia Hispania, aligundulika Tanzania. Wakulima walimpa jina la Kantangaze. Funza wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda lenyewe, ambako dawa za juu juu hazimpati, na shamba zima linaweza kuteketea kwa msimu mmoja. Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, aliyekopa kununua mbegu na mbolea hawezi kukaa akatazama. Anapulizia, na isipofanya kazi anachanganya dawa mbili, tatu kwenye bomba moja. Kila kibandiko cha dawa kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, siku ambazo dawa inahitaji ili ivunjike. Lakini nyanya huchumwa kila baada ya siku chache kwa wiki kadhaa mfululizo. Tunda lililoiva halisubiri, na lori la tenga halisubiri. Shamba linalopuliziwa kila wiki na kuchumwa mara mbili kwa wiki haliwezi kuzitimiza siku za kusubiri za dawa inayotaka siku 14. Nani atamfundisha mkulima huyu kuchagua dawa yenye siku chache, wakati anayemshauri ni muuzaji wa duka la pembejeo anayetaka kuuza?

Nchi za Umoja wa Ulaya ziliondoa klorothaloni mwaka 2019 na mankozebu mwaka uliofuata. Parachichi la Njombe linalopakiwa kwenda huko linafuata masharti makali ya mabaki ya dawa, na mzigo ukizidi kiwango unakataliwa. Tunda hilo linaliwa kwa kijiko, ganda lake linatupwa. Nyanya ya Ilula, tunayoila na ngozi yake, mbichi, kila siku ya mwaka, inafika soko la Ilala alfajiri, na katika kulizunguka soko lile sijawahi kuona mtu amesimama langoni na kifaa cha kupima mabaki ya chochote. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina makao yake Arusha, na kusimamia viuatilifu ndiyo kazi iliyopewa. Ninaiomba ichukue sampuli za nyanya, pilipili hoho na mchicha kwenye masoko ya Ilala, Mabibo na mengine ya mikoani, kila mwezi, na itangaze ilichokikuta kwa jina la soko na la wilaya mzigo ulikotoka, ili muuza genge akiulizwa awe na la kujibu, na mkulima anayesubiri siku zake apate bei inayolingana na uvumilivu wake.